Somo katimiza sabini, na shilingi tano zangu bado nazidai

Asalaam alaykum jamani. Hapa Toronto ni saa kumi na mbili asubuhi, huko nyumbani ni saa saba mchana na wanaume wako Ijumaa. Ndiyo kwanza nimetoka kazini, hata sare sijavua, mnisamehe kwa hii sura. Wale mlioniuliza bei za makoti, ile video itakuja wiki ijayo. Leo nna maneno na mtu mmoja tu, yuko Wete, kwetu Pemba. Nyinyi wengine kaeni msikilize, lakini hayawahusu.

Somo, shikamoo. Najua umeshaitikia na sasa unamuuliza mjukuu wako mbona huyu kakonda.

Kwa msiomjua: namwita Somo kwa sababu jina letu ni moja, na jina hilo kalidai mwenyewe. Usiku mama yangu aliposhikwa na uchungu, baba alikuwa dago, kambi ya wavuvi. Nyumba ya pili kulikuwa na kitoto cha kike cha miaka kumi, ndicho kilichotumwa kumwita mkunga. Mwezi hamna, njia yote migomba na mikarafuu. Mpaka leo anasema alikimbia anasoma Kulhuwallahu, hakuna aya nyengine iliyomjia. Asubuhi akaja kutaka ujira wake: "Mtoto mpeni jina langu." Mama hakuwa na nguvu za kubishana. Kwa hiyo mimi hapa mnayenitazama ni malipo.

Sasa hii habari ya siku ya kuzaliwa. Kitambulisho chake kinasema 1 Januari 1956. Tarehe hiyo mnaijua. Nusu ya wazee wetu wamezaliwa siku hiyo, maana karani hakuwa na haja ya kuulizauliza. Lakini marehemu mama yake alikuwa akisema: "Nilikuwa sijatoka arubaini alipokuja binti wa mfalme." Maneno hayo tumeyasikia tangu utoto, tukiyachukulia kama hadithi tu. Mwaka huu wajukuu wakaingia kwenye intaneti: binti wa mfalme ni Princess Margaret, mdogo wake Malkia Elizabeth wa Uingereza, na kweli alikuja Zanzibar mwaka 1956. Wakapiga hesabu za kurudi nyuma, wakaangukia Septemba. Somo akawasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Basi miezi minane yote nimezeeshwa bure."

Mimi namkumbuka zaidi kwenye msimu wa karafuu. Mwaka 1976, mimi nna miaka kumi, yeye ishirini na mtoto mgongoni. Wanaume wako juu mtini, sisi chini na upembo, ile fimbo ya ndoano, tunavuta matawi ya karibu. Inabidi uziwahi kabla hazijachanua, ikishafunua ua hiyo si karafuu tena. Lakini kazi yenyewe ilikuwa usiku, kuchambua. Tunakaa jamvini tumeuzunguka mlima wa karafuu, kibatari katikati, karafuu upande huu, makonyo, yaani vile vijiti vyake, upande ule. Ukijisahau ukafikicha jicho, umelia. Na Somo hana huruma! Akija kwenye fungu langu anachota kiganja, anakisogeza kwenye mwanga, akiona konyo moja tu analivuruga fungu zima. "Anza tena." Wallahi nilikuwa namchukia. Usiku mmoja nikakivuta kibatari karibu nione vizuri, kanga yake mpya ikashika moto pembeni. Hakunipiga. Aliuzima kwa kiganja, akaendelea kuchambua, hakusema neno. Nikajua nimekwisha.

Tulipolipwa, zangu zilifika shilingi kumi na tano. Akazichukua yeye. "Nakuwekea." Sikukuu ikaja, nikaulizia, akasema zipo. Sikukuu ya pili, zipo. Nikaolewa, zipo. Mwisho nikaacha kuuliza, nikajua Somo kanila, na nikamsamehe kimoyomoyo, nikijiona mwema kweli.

1996 naondoka. Bandari ya Mkoani, watu wamejaa, mabegi, makapu, mtu kabeba kuku. Somo kanisindikiza kwa gari kutoka Wete, njia nzima kanuna. Meli inataka kuondoka, ndipo akafungua pindo la kanga. Angalieni, ngoja niisogeze kwenye kamera. Mnaiona? Noti ya shilingi kumi, hii sura ya Mwalimu Nyerere. Ilikuwa imekunjwa mpaka imekuwa kama hirizi. Mwaka ule ilikuwa hainunui hata njugu. Nikamwambia, Somo, si ungeitumia tu unipe nyengine? Akaniangalia kama kitoto kilichochambua vibaya: "Amana inarudi ileile." Nikauliza, na zile tano? "Za kanga."

Nilicheka mpaka nikakaa juu ya begi langu. Halafu meli ikapiga honi, kicheko kikageuka.

Alipofiwa na mumewe sikuwepo, nilipata habari kuzikwa kumeshapita. Nikamtumia kanda, na yeye akanijibu kwa kanda, dakika thelathini. Nusu yake majogoo na watoto, nusu anahesabu nani kaleta mchele na nani kaleta nazi. Mwisho kabisa, kabla haijakata, akasema: "Hapa pana baridi siku hizi." Wete, baridi! Kanda hiyo nnayo, sina tena cha kuichezea.

Likizo niliomba tangu Aprili, nikajibiwa watu hawatoshi. Nafanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya wazee, mnajua. Nimeshawavisha kofia za karatasi wazee wangapi humo, nimewakatia keki, nimewapigia makofi, na asubuhi yake ananiuliza mimi ni nani. Sina kinyongo nao, wazee wa watu wale. Ila leo niliposhika kisu cha keki nilikiweka chini, nikamwambia mwenzangu akate yeye.

Haya. Nasikia dua ni baada ya laasiri, mofa zimeshachomwa, boko boko liko jikoni, halua imetoka palepale Wete. Na wajukuu wamenunua keki kwa nguvu. Somo kakubali keki, mishumaa kakataa. Nimetumiwa sauti yake: "Tumekaa kiza miaka yote ile, mpaka 2010 ndiyo umeme ukaja kutoka Tanga kwa waya wa chini ya bahari, leo mnaniambia sherehe ni kuzima taa?"

Wewe mjukuu unayemshikia simu, hakikisha kavaa miwani ya kahawia. Ile ya kijani haoni kitu, anakudanganyeni.

Somo, nasikia wiki hii umeitaka noti uwaonyeshe watoto. Siirudishi. Ulisema mwenyewe ni amana yangu. Nakuja nayo mwezi wa Disemba, tiketi nimeshalipia, uwaonyeshe nikiwa nimeishika mimi. Na zile tano uziandae. Kanga ile iliungua pindo tu, na uliivaa miaka minane, nakumbuka.