Mtoto Hajui Kwamba Haoni: Jinsi ya Kumchagua Daktari wa Macho wa Mwanao

Ndugu wazazi na walezi, asanteni kwa kuja. Naona baba mmoja kambeba mtoto aliyelala begani. Usimwamshe, baba, tutasema polepole.

Nianze na msichana wa miaka sita. Mama yake hakumleta yeye kwangu, alimleta mdogo wake, na dada akafuata tu. Nilipomaliza na mdogo nikasema, hebu na wewe kaa hapa. Nikamziba jicho la kushoto, akasoma vizuri. Nikaziba la kulia, akaanza kupinda shingo ili achungulie kando ya kiganja changu. Nikamwuliza, mbona unahama? Akanijibu, "Umeniziba." Jicho lake la kushoto lilikuwa wazi kabisa. Mama yake aliketi kimya, mkono mdomoni. Mtoto huyu alikuwa anakimbia, anasoma, anachora, na hakuna aliyewahi kuhisi kwamba anatumia jicho moja. Mwenyewe alidhani kila mtu ana jicho la kuonea na jicho jingine la kukaa tu.

Kisa hicho ndicho kinachonifanya niseme nitakayoyasema leo. Mtu mzima akififiwa na nuru analalamika, kwa sababu anakumbuka jana aliona vipi. Mtoto hana jana hiyo. Kwa hiyo daktari mnayemtafuta ni yule anayeweza kuupata ukweli kutoka kwa macho yenyewe bila kumtegemea mtoto aseme. Msimchague kwa ukubwa wa bango lake, wala kwa uzuri wa fremu zilizopangwa ukutani. Mchagueni kwa anavyopima.

Kwanza tujue nani ni nani, maana wengi wanachanganya. Anayetengeneza na kuuza miwani ni fundi wa miwani: kazi yake ni kukata lenzi na kuirekebisha fremu ikae vizuri kwenye pua ndogo, na fundi mzuri ni hazina. Optometria amesomea kupima uwezo wa kuona, kuandika miwani, na kutambua dalili za maradhi. Daktari bingwa wa macho amesomea udaktari kwanza, kisha macho, na anatibu na kupasua. Miongoni mwa mabingwa hao wapo walioongeza mafunzo ya macho ya watoto na makengeza. Si kila mtoto anamhitaji huyu wa mwisho. Optometria aliyezoea watoto anaweza kumfaa mwanao kuliko bingwa mashuhuri ambaye siku nzima anawaona wazee wenye mtoto wa jicho. Kwa hiyo swali la kwanza kuuliza, hata kwa simu, ni hili: watoto wa umri wa mwanangu unawaona mara ngapi? Anayewaona kila siku atajibu bila kusita.

Kwa nini nasisitiza hivi? Kwa sababu ya ubongo. Wanasayansi wawili, David Hubel na Torsten Wiesel, waliwafunga vitoto vya paka jicho moja katika wiki za mwanzo za maisha. Walipolifungua baadaye, jicho lilikuwa zima, lakini ubongo ulikuwa umekwisha kuligawia jicho la pili karibu nafasi yote. Kwa utafiti wao juu ya ubongo na kuona walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1981. Kwa watoto wetu hali ya namna hiyo tunaiita jicho vivu, na huwapata kama watoto 2 au 3 katika kila 100. Jicho moja likiona ukungu, au likipinda, au likizibwa na mtoto wa jicho, ubongo unaacha kulisikiliza. Ukiwahi, unaurudisha. Ukichelewa, hata miwani bora kuliko zote haitoshi, kwani kasoro haiko tena kwenye jicho peke yake.

Sasa twende chumbani kwa daktari. Keti uangalie.

Daktari anayejua watoto anaanza kazi kabla hajamgusa mtoto. Anamtazama anavyoingia, anavyoinamisha kichwa, anavyofuata kitu kinachosogea. Kisha atafunika jicho moja, afunue, afunike la pili, huku akitazama kama lililo wazi linaruka kutafuta mahali pake. Hivyo ndivyo makengeza madogo, yasiyoonekana kwenye picha, yanavyonaswa. Kila jicho alipime peke yake, na jicho lisilopimwa lifunikwe kwa kibandiko, si kwa mkono wa mtoto. Watoto huchungulia kati ya vidole, na wala hawana nia ya kudanganya. Asiyejua herufi haambiwi arudi akianza shule. Zipo chati za picha, kama zile za Lea Hyvärinen, daktari wa Finland, zenye nyumba, tufaha, duara na mraba. Mtoto wa miaka mitatu anaweza kuonyesha kwa kidole tu. Kwa mchanga zaidi kuna kadi zenye mistari upande mmoja, naye daktari hutazama macho yameelekea wapi.

Halafu yapo matone. Hapa naomba mnisikilize sana. Jicho la mtoto lina nguvu kubwa ya kujikaza. Mtoto asiyeona karibu anaweza kujikaza akasoma chati yote, mkaambiwa hana tatizo. Mwingine akiwekwa kwenye mashine ya kupimia anajikaza palepale, mashine ikasema haoni mbali, akapewa miwani isiyo yake. Matone hulegeza msuli huo na kupanua mboni. Mnasubiri nusu saa au zaidi, kisha daktari anamulika jicho kwa taa yenye mstari wa mwanga, anabadilisha lenzi mbele yake, na anausoma mwanga unaorudi. Mtoto hahitaji kusema neno. Wakati huohuo daktari anaitazama retina, yaani utando wa nyuma kabisa ya jicho unaopokea mwanga. Baadaye mtoto atasumbuliwa na mwanga na ataona karibu kwa ukungu, mara nyingi hadi kesho yake. Tone la atropini, aina yenye nguvu zaidi, linaweza kukaa wiki moja hata mbili. Usumbufu upo, na mtoto pengine atalia. Lakini miwani ya kwanza ya mtoto mdogo iliyoandikwa kwa mashine peke yake, bila matone, mimi nisingeinunua mpaka apimwe upya. Nitasema zaidi: daktari mpole mwenye peremende asiyetumia matone simwamini kama ninavyomwamini mkavu anayeyatumia. Mkipata mwenye yote mawili, shikamaneni naye.

Akimaliza, mwambie akuonyeshe. Ukiambiwa, "Haya si makengeza, ni pua tu bado pana," hilo linawezekana kweli, maana ngozi kati ya macho huwadanganya wengi. Basi akumulikie tochi nawe uone nukta ya mwanga imetua mahali pamoja kwenye macho yote mawili. Lakini jibu la "yatapona yenyewe akikua" bila kipimo, msilipokee. Jicho la kichanga kutangatanga mara mojamoja katika miezi mitatu minne ya kwanza ni kawaida. Baada ya hapo si kawaida tena.

Akiandika kuziba jicho zuri ili jicho vivu lilazimike kufanya kazi, muulize saa ngapi kwa siku na turudi lini. Kuziba kuna kiasi chake. Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2003 uliwachukua watoto wa miaka 3 hadi chini ya 7 wenye jicho vivu la wastani, na saa 2 kwa siku zikafanya kazi sawa na saa 6. Na jicho zuri likizibwa kupita kiasi bila kufuatiliwa, nalo linaweza kulegea. Anayekupa vibandiko bila tarehe ya kurudi hajamaliza kazi yake.

Yapo mambo ambayo hayana muda wa kuchagua. Mboni ikionekana nyeupe, kwa macho au kwenye picha ya simu, nenda leo kwa bingwa yeyote wa macho aliye karibu; inaweza kuwa mtoto wa jicho au saratani ya retina. Kichanga mwenye macho makubwa yanayosifiwa na kila mgeni, lakini yanatoa machozi na kukwepa mwanga, huenda ana presha ya macho ya kuzaliwa nayo. Na waliozaliwa njiti, retina yao inatakiwa kutazamwa katika wiki za mwanzo, kabla hamjaanza kuhangaika na clinic nyingine yoyote.

Nimeona mkono pale nyuma. Mama anauliza: wangu ana miaka tisa, leo ndiyo nimesikia haya, nimechelewa?

Mama, umechelewa kidogo, lakini mlango haujafungwa. Mwaka 2005 ulitolewa utafiti mwingine wa Marekani uliowahusu watoto wakubwa. Kati ya wenye miaka 7 hadi 12, waliopewa miwani pamoja na kuziba jicho na matone ya kulififisha jicho zuri, zaidi kidogo ya nusu walipata nafuu ya maana. Waliopewa miwani peke yake, robo. Kwa hiyo usikubali kuambiwa umri umepita kabla hajapimwa. Mpeleke wiki hii. Chukua miwani yake ya zamani na cheti chochote cha vipimo vya nyuma, hata kama kimekunjamana, kwa sababu daktari atataka kujua jicho hilo lilikuwa linaona kiasi gani wakati ule.