Kijana Aliyepelekwa Porini na Watu Watakaompokea

Ndugu maofisa wa ustawi wa jamii, walimu, viongozi wa dini na wazazi mliofika, nawashukuru kwa kunipa nafasi hii. Nimeombwa nizungumze kuhusu kambi za makazi za porini zinazowalea vijana wa kiume waliokwisha kuingia katika matata, nami ningependa kuanza na kauli ambayo wengi wetu tumeisikia sebuleni, mwisho wa kikao kirefu cha ukoo, pale mjomba anapoinuka na kusema: “Huyu ameshindikana, mpelekeni kijijini kwa babu yake.” Ndani ya kauli hiyo mna hekima na mna hatari, na kazi yangu leo ni kujaribu kuvitenganisha viwili hivyo.

Hekima yake ni kutambua kwamba kijana anayeiba au anayevuta bangi ana wenzake, ana jina alilobandikwa mtaani, ana saa zake na vichochoro vyake, na kila anapopita pana mtu au kitu cha kumkumbusha yeye ni nani. Akitolewa hapo, hata kwa majuma machache, anapata mahali ambapo jina lile halijafika. Hatari yake ni kudhani kwamba umbali wenyewe ndiyo dawa, na kwamba tukishampakia kwenye basi, sisi tuliobaki tumemaliza sehemu yetu.

Mfano ulionifundisha mengi zaidi ni wa Texas, nchini Marekani. Mwaka 1946 klabu moja ya wafanyabiashara wa Dallas, iitwayo Salesmanship Club, ilimkabidhi Campbell Loughmiller uongozi wa kambi yake ya watoto, naye akaijenga upya iwe makazi ya mwaka mzima kwa wavulana waliokwisha kufukuzwa shule au kushinda nguvu za wazazi wao. Wavulana waligawanywa katika makundi ya kumi hivi, kila kundi likiwa na walezi wawili waliolala nao, waliokula nao na waliolowa nao mvua ileile. Hawakukuta mabweni. Walikata miti, wakasimamisha nguzo, wakatandaza maturubai na kuishi ndani ya walichokijenga wenyewe, na wengi wao waliishi hivyo kwa miezi mingi.

Naomba mnivumilie nikae kidogo hapa, kwa sababu watu wengi wakisikia habari ya kambi ya porini hufikiria kwata, filimbi na mkufunzi anayefoka. Kambi ya Loughmiller haikuwa hivyo hata kidogo. Kijana ambaye maisha yake yote amegombana na watu wazima, akiwaona wote kuwa maadui wanaomtungia amri, anafika mahali ambapo paa lililofungwa vibaya linavuja, na linavuja juu ya kitanda chake yeye aliyelifunga. Kundi lisilochanja kuni jioni litakosa uji asubuhi. Hapana wa kumlaumu na hapana wa kumdanganya, na mlezi hana haja ya kupandisha sauti, kwa kuwa yeye pia hajapata uji. Hesabu walijifunza kwa kupanga chakula cha juma na gharama zake. Kusoma na kuandika walijifunza kwa kutayarisha safari, zikiwemo safari ndefu za mitoni walizozipanga wenyewe.

Lakini nguzo kubwa ya kambi ile, kwa maoni yangu, ilikuwa kanuni moja rahisi kuitaja na ngumu mno kuifuata: palipotokea ugomvi, kazi yote ilisimama. Kama wawili wametukanana njiani wakati kundi linakwenda kula, kundi zima lilisimama hapohapo, likakaa, likazungumza mpaka jambo likaeleweka, hata kama chakula kilipoa. Hakuna aliyepelekwa ofisini kwa mkuu. Hakuna aliyeambiwa “tutaongea baadaye.” Kijana aliyezoea kuvuruga kisha kutoweka alijikuta mbele ya wenzake tisa wenye njaa wanaomwuliza, bila kumpiga, ni kitu gani kinamsumbua. Na usiku walizunguka moto na kuipitia siku yao. Mimi naamini kwamba hapo ndipo mabadiliko yalipotokea. Miti na mto vilisaidia kwa sababu viliondoa milango ya kukimbilia.

Mzizi wa pili wa kazi hii uko Uingereza. Kurt Hahn, mwalimu Mjerumani aliyefungwa na utawala wa Hitler mwaka 1933 na kisha kuhamia huko, alishirikiana na Lawrence Holt, mwenye meli, kufungua shule ya Outward Bound huko Aberdovey, Wales, mwaka 1941. Walitaka kuwapa mabaharia vijana ustahimilivu wa kuokoka pale meli zao zinapozamishwa vitani, na jina hilo ni la kibaharia: hutajwa chombo kinapong'oa nanga na kuelekea bahari kuu. Katika miaka ya 1950 shule ya aina hiyo ilikuwapo Loitokitok, upande wa Kenya wa Kilimanjaro, na wanafunzi wake waliupanda mlima huo; hao hata hivyo hawakuwa vijana wakorofi, kwa hiyo siwezi kuitumia kama ushahidi wa jambo letu.

Ushahidi tunaupata katika jimbo la Massachusetts, Marekani, katika miaka ya 1960. Watafiti Francis Kelly na Daniel Baer waliwafuatilia wavulana 120 waliokuwa mikononi mwa idara ya serikali kwa makosa mbalimbali: 60 walipelekwa kwenye kozi za porini za Outward Bound, na 60 wakashughulikiwa kwa njia ya kawaida ya idara. Baada ya takriban mwaka mmoja, asilimia 20 ya waliokwenda porini walikuwa wamerudia makosa, ilhali kwa wenzao ilikuwa asilimia 42. Matokeo hayo yametajwa mara nyingi sana, na kwa haki. Yale yasiyotajwa mara nyingi ni kwamba walipofuatiliwa tena baada ya miaka mitano, pengo lile lilikuwa limepungua, na kwamba tangu mwanzo kozi iliwafaa zaidi wale ambao makosa yao yalitokana na msukosuko wa kubalehe kuliko wale waliokuwa wameharibikiwa kwa muda mrefu. Mfikirieni kijana anayerudi akiwa na misuli, akiwa na fahari, amejua kusoma ramani na dira, kisha anashushwa kwenye kona ileile, mbele ya rafiki walewale, na hakuna aliyemwandalia hata kibarua. Mimi sishangai kwamba fahari ile ilififia.

Kabla sijafika kwenye suala la nani atampokea kijana huyo akirudi, ni lazima niseme juu ya hatari nyingine, maana humu ndani wapo wazazi waliokata tamaa, na mzazi aliyekata tamaa huweza kukubali chochote. Katika jimbo la Utah, Marekani, mwaka 1994, kijana wa miaka 16 alifariki katika kambi ya jangwani kwa kidonda cha tumbo kilichotoboka, baada ya kudhoofika kwa majuma huku walezi wakidhani anajisingizia ugonjwa. Mwaka 2007 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilichambua vifo kumi vya vijana katika programu za aina hii, ikakuta viongozi wasio na mafunzo, chakula haba na wagonjwa waliopuuzwa. Baadhi ya kampuni zilimchukua kijana usiku wa manane, akiwa kitandani, kwa mikono ya watu waliolipwa na wazazi wake. Mtoto aliyeanza safari yake kwa kusalitiwa na mama yake hawezi kuufungua moyo wake kando ya moto. Njaa inayotokana na uvivu wa kundi, ambayo huisha kundi likiamka kuchanja kuni, na njaa anayoshikishwa mtoto na mtu mzima ili anyenyekee, ni vitu viwili visivyofanana kabisa, na yeyote asiyeona tofauti hiyo asikabidhiwe mtoto wa mtu.

Sasa nirudi kwetu, kwa sababu suala la mapokezi wazee wetu walilijua. Katika jando, vijana walitengwa kumbini, porini, chini ya makungwi, wakafundishwa, wakavumilia maumivu. Siombi kurudisha kila lililotendeka kule. Mengine yalikuwa ya ukatili. Lakini kumbukeni siku ya kutoka: kijiji kizima kilikuwa kikingoja, ngoma zikilia, na miongoni mwa Wayao kijana alitoka na jina jipya, na lile la utotoni likaachwa. Kumbi lilichukua majuma, lakini kijiji kilitimiza sehemu yake kwa maisha yote yaliyofuata, kwa kumwita mtu yule jina lake jipya.

Kwa hiyo kwa wale kati yenu mnaofikiria kuanzisha kambi, na najua mpo, ninaomba mwanze kazi mtaani, miezi kadhaa kabla ya kununua turubai la kwanza. Mtafuteni fundi wa gereji au mwenye mashua atakayekubali kumchukua kijana huyo siku ya pili baada ya kurudi. Kaeni na mama yake, na baba yake kama yupo, mara nyingi, si siku ya kujaza fomu tu, na mwacheni kijana arudi nyumbani kwa siku chache katikati ya muda wake, ili yatakayomshinda huko ayalete kando ya moto wa kambi wenzake wakayasikie. Ofisa wa ustawi wa jamii aliyemsindikiza kwenda awe ndiye atakayemfuata kurudi. Na mjomba yule aliyesema ameshindikana naye aitwe, aje asimame kituoni siku basi litakapomleta.