Kabla ya Kuvuta Kamba

Asanteni. Wale wa nyuma sogeeni mbele, viti vipo, na mimi sina sauti ya mnadi.

Wengi wenu humu ni waongozaji wa mlima. Mgeni akianza kutapika na kuyumba pale kambi ya Barafu, Kilimanjaro, hamhitaji kikao. Mnageuka naye, mnashuka, na kadiri mnavyoshuka ndivyo anavyopata nafuu. Mlima umewazoesha kwamba usalama uko nyuma, kwenye njia mliyopandia. Leo nazungumzia mahali ambapo mazoea hayo hayasaidii kitu: makorongo ya jangwa la Utah, magharibi mwa Marekani, hasa yale ya Hifadhi ya Taifa ya Zion, ambayo watu huyashuka kwa kamba.

Mwamba wa kule unaitwa Navajo. Ulikuwa matuta ya mchanga wa jangwa enzi za dinosaria, yakashindiliana yakawa jiwe, na maji yakaja kulichonga. Kuna mipasuko ambayo ukitanua viwiko tu umegusa kuta zote mbili, na ukitazama juu unaona uzi wa anga. Safari huanzia juu. Mnatembea kidogo, mnafika kwenye ukingo, na sakafu iko mita 10 chini, pengine 30. Mnapitisha kamba kwenye pete ya chuma iliyofungwa mahali imara, mnashuka mmoja mmoja, kisha wa mwisho akifika mnaivuta kamba yote ije chini. Lazima muivute, kwa sababu ukingo unaofuata unaihitaji.

Kamba ikishadondoka miguuni penu, mlango umefungwa. Hamwezi kupanda tena mlikotoka, na mbele hakuna njia ila ile ambayo maji yenyewe huifuata. Kwa hiyo mimi sioni kushuka kwa kamba kuwa ndiko kazi ngumu. Mtu mwenye akili timamu hujifunza kutumia kifaa cha kushukia asubuhi moja. Kazi ngumu ni maswali ambayo lazima yajibiwe kamba ikiwa bado inaning'inia.

Swali la kwanza ni nanga, yaani kile kinachoishikilia kamba kule juu. Katika sehemu kubwa ya Zion hutakuta vyuma vimepigwa mwambani kila unapovitaka. Utakuta mkanda umezungushwa kwenye mti, au kwenye jiwe lililobanwa kati ya kuta mbili, na mkanda huo umeachwa na watu usiowajua, umekaa juani na majini kwa muda usioujua. Ukague kwa mkono, wote, hata upande wa nyuma ya jiwe usiouona. Ukiutilia shaka, ukate, ufunge wako.

Na hapa wenyeji wa fani hii wana utaratibu ambao mimi naupenda sana. Nanga ikiwa ya mashaka, mtu mmoja hukaa nyuma yake, amejikita kwa miguu, amefungwa kama nanga ya akiba. Kamba yake ya akiba ina ulegevu kidogo ili uzito wote ubebwe na nanga halisi. Wazito hutangulia. Kila anayeshuka anaijaribu nanga huku wenzake wakiitazama kama inasogea. Mwisho kabisa hubaki mwepesi kuliko wote, naye hushuka bila akiba, juu ya nanga ambayo imekwisha kubeba watu wazito kumshinda. (Ndiyo, mzee, nimekuona unapima tumbo. Wewe utatangulia.)

Swali la pili: je, kamba itavutika? Kabla wa mwisho hajaondoka juu, aliye chini huivuta hatua moja au mbili. Ikiteleza, sawa. Ikigoma, yule wa juu bado yupo. Ataurefusha mkanda ili pete ivuke ukingo, msuguano upungue. Mwamba wa mchanga ni laini, na kamba zinazovutwa juu yake mwaka baada ya mwaka zimekata mifereji mirefu kwenye kingo. Mifereji hiyo hunasa kamba. Inanikera pia kuiona, maana ni alama ya uvivu. Kamba yenyewe iwe ile isiyonyumbuka sana. Kamba ya kukwea, inayonyumbuka ili kumpokea anayeanguka, hupanda na kushuka juu ya ukingo kila unapotikisika, na kujisaga.

Kuhusu baridi nitasema kwa kifupi: ni jangwa, lakini maji yaliyotuama mahali jua halifiki huwa baridi ya kutetemesha hata kiangazi. Vaeni suti za mpira. Kuna pia mashimo ya maji yenye kuta laini ambamo mtu huogelea asipate pa kushika. Hutoka kwa kusukumwa na mwenzake, au kwa kurusha mfuko wenye kamba ng'ambo ili uzito wake uwe nanga. Mtu peke yake humo yuko matatani.

Sasa mafuriko, na hapa nitakaa. Tarehe 14 Septemba 2015, kundi la watu 7 lilichukua kibali asubuhi kwenda korongo la Keyhole, ndani ya Zion. Keyhole ni fupi, na miteremko yake ya kamba ni midogo. Ndiyo maana wanaoanza hulipenda. Askari wa hifadhi walikuwa wamewaeleza kwamba uwezekano wa mafuriko ya ghafla ni mkubwa. Wakati huo askari walitoa taarifa, uamuzi ukabaki wa kundi lenyewe. Alasiri mvua ikashuka. Mto Virgin, ulio jirani, ulipanda kutoka takribani mita za ujazo 1.5 kwa sekunde hadi zaidi ya 70 katika dakika 15. Wote 7 walikufa.

Mwamba mtupu haunywi maji. Mvua inayonyesha mbali huteremka yote kwenye ufa mmoja. Agosti 1997, kwenye korongo la Antelope huko Arizona, watalii 11 walichukuliwa na maji ya mvua iliyonyesha kilomita nyingi kutoka walipokuwa. Wala tusidhani ni habari za Wamarekani tu. Kwenye korongo la Hifadhi ya Hell's Gate, Naivasha, Kenya, maji yaliua mwaka 2012 na tena Septemba 2019, watu 7, na pale wengi huingia kwa miguu, bila kamba yoyote.

Kwa hiyo kati ya Julai na Septemba, msimu wa mvua za radi kule, kutazama anga lililo juu yako hakutoshi. Uliza kuhusu eneo lote linalomwaga maji korongoni. Halafu uliza tena ukiwa kwenye ukingo wa kwanza, kwa sababu hapo kurudi bado ni matembezi.

Kuna aliyeuliza kuhusu fundo la mwisho wa kamba. Panapokuwa pakavu, funga. Limewaokoa wengi ambao kamba yao haikufika chini. Kwenye maji yanayotiririka usifunge: pima kamba iishie usoni pa maji, ili mtu ateleze aachane nayo, asining'inie maji yakimpiga. Na pale ulipofunga, wa mwisho alifungue kabla hamjaanza kuvuta. Likisahaulika litapanda hadi kwenye pete, likwame huko juu, nanyi mko chini.