Kutunga Mchezo wa Ubaoni kwa Pamoja

Ndugu walimu, na ninyi vijana mliojitokeza jioni hii, nimeombwa nizungumzie namna kikundi kinavyoweza kutunga mchezo wake wenyewe wa ubaoni, na hoja yangu kubwa ni kwamba kuchora kuje mwisho. Vikundi vingi huanza na rangi, kwa kuwa kazi ya mchoraji huonekana na husifiwa mapema. Lakini inapokuja kugundulika kwamba mchezo hauchezeki, hakuna anayethubutu kufuta kazi nzuri ya mwenzake.

Anzeni kwa kujiuliza mchezaji ataamua nini. Katika nyoka na ngazi haamui chochote: dadu humpandisha, dadu humshusha, na ndiyo maana mjukuu wa miaka mitano humshinda babu yake. Bao la Kiswahili, lenye mashimo 32 na kete 64, halina dadu kabisa, na anayeshindwa hana wa kumlaumu. Mchezo wenu wa kwanza ukae mahali fulani katikati.

Tuchukue mfano wa mchezo wa daladala. Ubao una vituo 11, vyenye namba 2 hadi 12; kila zamu dadu mbili hurushwa, na jumla yake ndiyo kituo kinachopata abiria mmoja, kisha kila mchezaji huamua gari lake lielekee wapi. Asiyepiga hesabu atadhani vituo vyote ni sawa. Dadu mbili huweza kuangukia kwa namna 36, na 6 kati ya hizo huleta 7, ilhali 2 huletwa na moja na moja peke yake. Kwa hiyo kituo cha 7 ndicho Kariakoo yenu, na 2 na 12 ni kule pembezoni ambako dereva huenda kwa kusitasita. Nauli ya huko iwe kubwa kiasi gani ili avutike? Ikiwa mara 6 ya ile ya Kariakoo, hesabu inalingana. Lakini magari yote yakishajazana Kariakoo kugombea abiria wale wale, huenda mara 4 ikatosha. Wabishi wa kikundi wana kazi hapa, ila ubishi huo haumalizwi kwa kura, bali kwa kucheza. Kateni boksi la biskuti liwe ubao, vizibo vya soda viwe magari, na nauli ziandikwe kwa penseli, maana zitafutwa sana.

Kisha waiteni watu ambao hawakushiriki, wapeni ubao na karatasi ya kanuni, nanyi mkae kimya. Mtu akisita na kizibo mkononi, akiuliza kama gari lililojaa linaruhusiwa kusimama kituoni, msimjibu; andikeni swali lake, kwa sababu jibu lilipaswa kuwa kwenye karatasi.

Jambo la mwisho linahusu umiliki. Elizabeth Magie wa Marekani alipata hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, ya mchezo wake wa wamiliki wa ardhi mwaka 1904, na kwa miaka mingi watu waliunakili kwa mikono majumbani, wakiweka mitaa ya miji yao. Kampuni ya Parker Brothers ilipouuza mwaka 1935 kwa jina la Monopoly, ukiwa na mitaa ya Atlantic City, sifa alipewa Charles Darrow, aliyeiuzia kampuni hiyo mchezo huo, wala si Magie. Basi kabla ya kumpa mtu yeyote nakala, andikeni nyuma ya ubao majina ya wote waliotunga, pamoja na tarehe ya kanuni mnazozitumia.