Namba 1603 Haijakwambia Kitu

Habari za asubuhi, ndugu zangu. Naomba wanaosimamia seva wanyooshe mikono. Vizuri. Sasa ashushe mkono yule ambaye hajawahi kubonyeza "jaribu tena" bila kusoma chochote. Naona mikono yote bado iko juu. Na wangu pia, msinicheke.

Leo nazungumzia kusakinisha programu za seva za kazini: hifadhidata, barua pepe, uhasibu, mishahara, stoo. Hizi hazifanani na programu ya simu unayoigusa mara moja ikaingia. Kisakinishi chake kinaunda sevisi, yaani programu inayofanya kazi chinichini bila dirisha, kinaandika kwenye rejista, lile daftari la mipangilio la Windows, kinatafuta cheti cha kidijitali, kinafungua poti, yaani mlango wa mtandao wenye namba, kinabisha hodi kwenye seva nyingine na kuuliza kama akaunti uliyompa inatambulika. Popote katika safari hiyo kinaweza kukataliwa. Kikikataliwa, wewe unaletewa kidirisha kimoja chenye sentensi moja. Sentensi hiyo ni tarishi tu. Ameleta habari ya msiba, lakini hakuwepo marehemu alipokata roho.

Chukueni namba 1603, ile ya faili za MSI, yaani faili za kusakinishia programu kwenye Windows. Maana yake ni kwamba limetokea kosa zito wakati wa kusakinisha. Basi. Ni kama daktari akupime nusu saa halafu aandike kwenye cheti kwamba unaumwa. Hata hivyo watu wanaichukua 1603, wanaitafuta mtandaoni, wanakuta dawa thelathini za wagonjwa thelathini tofauti, na wanazinywa zote.

Mimi nilizinywa. Usiku mmoja tulikuwa watatu mbele ya seva, tunasakinisha programu ya uhasibu. Ikatoa 1603. Tukapakua faili upya, 1603. Tukazima antivairasi, 1603. Saa nane usiku mwenzetu mmoja akauliza swali la aibu: jamani, kuna aliyewasha logi, lile faili ambalo kisakinishi huandika kila anachofanya? Hakuna. Tulikuwa tumejaribu mara tatu gizani.

Amri yenyewe ni fupi: msiexec /i programu.msi /L*v C:\logi\jaribio1.txt. Ile v ndiyo inayomfanya kisakinishi aseme kila alichokifanya, na mtapata faili la maelfu ya mistari. Msilisome lote. Tafuteni maneno haya, Return value 3, yaani hatua imeanguka, na msimame pale yanapoonekana mara ya kwanza. Mara ya kwanza, nasisitiza, kwa sababu yatarudi tena huko chini kila hatua kubwa inapoanguka juu ya hatua ndogo iliyoanguka. Halafu msishuke. Pandeni juu mistari kumi, ishirini. Chini ya pale kisakinishi anafuta alichokijenga. Ni makelele ya kubomoa tu.

Sisi tulipopanda tukakuta namba 1072. Ukiandika net helpmsg 1072 kwenye dirisha la amri, Windows inakutafsiria: sevisi hii imewekewa alama ya kufutwa. Tukashangaa. Sevisi gani inayofutwa wakati sisi ndio kwanza tunaisakinisha? Nikageuza shingo nikaona skrini ya pili. Mwenzetu, kwa nia njema kabisa, alikuwa ameacha wazi dirisha la orodha ya sevisi ili aone ya kwetu ikitokea. Jaribio la kwanza lilipokwama, kisakinishi aliagiza sevisi ifutwe, lakini dirisha lile lilikuwa bado limeishikilia, kwa hiyo Windows ikaiwekea alama na kusubiri. Majaribio yote yaliyofuata yalikwama kwa kosa ambalo tumelitengeneza wenyewe. Na kwenye skrini kosa letu na kosa la mwanzo yalivaa kanzu moja: 1603.

Tukafunga dirisha, sevisi ikatoweka, tukarudia na logi safi. Sasa ikaja namba tofauti, 1069: sevisi imeshindwa kuanza kwa sababu akaunti yake haikuweza kuingia. Nenosiri tulilijaribu kwa mkono, tukaingia vizuri. Hapo ndipo wengi huitoa akaunti kwenye orodha ya washukiwa, na hapo ndipo wanapopotea. Kwenye Windows, haki ya kuingia kwa kukaa mbele ya kibodi ni moja, na haki ya kuingia kama sevisi ni nyingine. Akaunti yetu ilikuwa na ya kwanza, haina ya pili. Marekebisho yalichukua dakika mbili. Usiku mzima ulikuwa umekwenda kwenye majaribio.

Ndiyo maana nawaambia: jaribio la kwanza ndilo lenye ushahidi. La pili linafanyika juu ya vifusi vya la kwanza. Kwa hiyo washeni logi kabla hamjaona kosa lolote, na kila jaribio lipewe faili lake. Seva ikiwa ni pepe (virtual machine, yaani seva inayoendeshwa ndani ya mashine nyingine), piga picha ya hali yake, ile snapshot, kabla ya kuanza, ili urudi kwenye usafi badala ya kufagia.

Kuna namba nyingine si kosa kabisa. 3010 inasema kazi imefanikiwa, ila seva iwashwe upya. Nimeona skripti zinazotambua 0 peke yake kuwa ni ushindi; zikipewa 3010 zinatangaza maafa na kuanza kusakinisha upya kitu ambacho tayari kimo. 1618 nayo inasema kuna usakinishaji mwingine unaendelea, subiri zamu yako.

Saa ya seva mnaiangalia? Kerberos, mfumo wa kuhakiki utambulisho wa akaunti kwenye mtandao, kwa kawaida inavumilia tofauti ya dakika 5 tu. Seva iliyochelewa dakika 7 itakataliwa hata kama nenosiri ni sahihi herufi kwa herufi, na kidirisha kitakulalamikia ruhusa, hakitataja saa.

Wa Linux msijione mmepona. Kuna ile "Permission denied", yaani umekatazwa, inayompata hata root, msimamizi mkuu wa mfumo. Mtu anatoa chmod 777, amri ya kumpa kila mtu ruhusa zote, kila kona, hali haibadiliki. Aangalie /tmp, folda ya mafaili ya muda: ikiwa imepachikwa na noexec, yaani marufuku kuendesha programu humo, kisakinishi anayejifungulia humo na kutaka kuendesha faili lake atazuiwa, awe nani. Mpe folda nyingine ya muda. Na ile "diski imejaa" wakati df -h inaonyesha nafasi tele? Andika df -i. Mafaili madogo madogo yanaweza kumaliza nafasi za kuorodhesha mafaili huku gigabaiti zikiwa zimekaa bure.

Kwenye poti sitakawia. PostgreSQL inataka 5432, SQL Server 1433. Ukiambiwa anwani inatumika, ss -ltnp itakutajia anayeishikilia. Mara nyingi ni toleo la zamani la programu ileile.

Nimeulizwa mlangoni kuhusu kuzima antivairasi na faiawoli. Ushauri huo siupendi. Kuna siku unasaidia, sikatai, lakini ukizima vitu vitano kwa pamoja na programu ikaingia, hujui ni kipi kilichokuwa kinazuia, na kesho utaogopa kuwasha hata kimoja. Zima kimoja, jaribu, kiwashe. Kama logi haijakitaja, kiache.

Mkishindwa na mkataka kumwandikia mtengenezaji, msimpelekee picha ya kidirisha. Mpeni logi ya jaribio la kwanza, toleo kamili la programu na la mfumo wa seva, na mmeshagusa nini, hata kama mnaona aibu kukisema. Ila kabla ya kuituma, ifungueni mtafute neno la siri la akaunti ya sevisi humo ndani. Ile v inayosema kila kitu, wakati mwingine inasema na hilo.