Usijikaze: Vidonge vya Saratani Unavyomeza Nyumbani

Shikamooni wazee wangu. Wengine, habari za asubuhi. Waliokuja na wagonjwa wao nao wasogee mbele, maana nusu ya maneno yangu ni yao.

Mgonjwa akitundikiwa dripu ya kemo, yaani dawa ya saratani ya mshipani, wodini, nesi yuko jirani. Anapima joto, anauliza umeharisha mara ngapi, anakuangalia mdomoni, na akiona mambo yameharibika anafunga dripu na kumwita daktari. Ukipewa vidonge ukaenda navyo Mbagala au Kibaha, kazi yote hiyo inahamia kwako na kwa anayekuuguza. Na dawa haijapungua makali. Kapesitabini, ambayo wengi hapa mnaimeza kwa saratani ya utumbo mpana au ya matiti, ikishaingia mwilini inageuka kuwa fluorourasili, ileile inayopitishwa kwenye mshipa. Ila kwa sura ni kidonge tu, na vidonge tumezoea kuvidharau.

Mnadhani nitawagombeza kwa kusahau dozi? Hapana. Ukisahau, acha ipite, meza inayofuata kwa wakati wake, usimeze mbili kwa pamoja. Ukitapika baada ya kumeza, usirudie. Hilo limekwisha.

Linalonisumbua mimi ni kujikaza. Mama anaharisha siku ya tatu, macho yameingia ndani, na bado anameza kwa sababu aliambiwa amalize dozi. Tumefundishwa hivyo kwenye malaria na kifua kikuu, na kule ni sahihi. Hapa kuna siku ambapo kusimama ndiyo tiba yenyewe. Wewe wa kapesitabini, ukiharisha mara nne au zaidi kupita kawaida yako kwa siku, au choo kikikuamsha usiku. Ukitapika zaidi ya mara moja kwa siku. Vidonda vya mdomoni vikikuzuia kula. Viganja au nyayo zikiuma: usimeze dozi inayofuata. Piga simu kliniki siku hiyohiyo, na huku nyuma kunywa ORS. Mkiwa hospitali za Ocean Road, Bugando au KCMC, msitoke dirisha la dawa kabla ya kuuliza namba ya kupiga, pamoja na ile ya usiku. Daktari akikupunguzia vidonge usidhani amekukatia tamaa. Anatafuta kiasi ambacho mwili wako utakimudu mizunguko yote.

Hapo kwenye viganja nitakaa kidogo. Kapesitabini huvifanya vyekundu, vinawaka, ngozi inabanduka na kupasuka, nyayo vilevile. Kinachozidisha ni joto na msuguano. Sasa tazama siku ya mama wa Kitanzania: anasonga ugali, mwiko unasugua kiganja, anafua kwa mikono, anaepua sufuria kwa kipande cha khanga, kama ni msimu, jembe. Ukimwambia tu "pumzisha mikono" hujamsaidia kitu. Kwa hiyo nawaambia akina baba na vijana: hizi wiki mbili za vidonge, kabla ya wiki ya mapumziko, ugali songeni ninyi. (Kicheko.) Mnacheka, lakini mimi naona ni sehemu ya dozi. Mgonjwa apake mafuta ya mgando au losheni yenye yurea mara kadhaa kwa siku, tangu siku ya kwanza, asisubiri mpasuko. Avae viatu vya wazi visivyobana, na aoge maji ya vuguvugu.

Jambo jingine ambalo watu hawaambiwi: dawa hii inaweza kufuta alama za vidole. Mwaka 2009 madaktari waliandika habari za mzee wa Singapore aliyezuiwa kwa saa kadhaa akiingia Marekani kwa sababu mashine haikuona alama zake. Hapa kwetu laini ya simu inasajiliwa kwa kidole. Kama kuna usajili unaousubiri, ufanye kabla hujaanza dawa, au omba barua ya daktari.

Homa. Joto likifika 38, ni hospitali, na haingoji kukuche. Nunueni kipimajoto, mkono kwenye paji la uso hautoshi. Pima kabla ya kumeza Panadol, kwa sababu Panadol itashusha joto na kukuficha hatari. Sisi homa ikitushika mguu wa kwanza ni duka la dawa, kununua dawa mseto ya malaria. Kwa mgonjwa wa saratani chembe nyeupe za damu zinaweza kuwa zimeshuka, na maambukizi yakapanda kwa saa chache. Malaria ipimwe, sikatai, lakini hata ikionekana, hesabu ya damu ipimwe pia. Neno lako la kwanza mapokezi liwe: ninameza dawa za saratani.

Kila dawa ina masharti yake ya chakula, usiige ya jirani. Kapesitabini humezwa ndani ya nusu saa baada ya kula. Imatinibu ya saratani ya damu humezwa na chakula na glasi kubwa ya maji, na balungi liwekwe kando, kwani linaweza kupandisha kiwango cha dawa kwenye damu. Abirateroni ya tezi dume ni kinyume kabisa: tumbo tupu, zipite saa mbili tangu ule, na subiri saa moja ndipo ule tena. Bahasha ikiandikwa "3x2", maana yake ni vidonge vitatu, mara mbili kwa siku. Nimeona mtu aliyesoma kinyume.

Na vile vidonge vya kuongeza damu ambavyo mabinti zetu hupewa kliniki ya wajawazito, vina foliki asidi. Mtu anaambiwa damu imepungua, anaazima vya binti yake. Foliki asidi huongeza sumu ya kapesitabini. Wanaotumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, pia waseme, kwani ikikutana na kapesitabini damu inaweza kuvuja. Kuhusu dawa za kienyeji, majani, mizizi na zile za maji kwenye chupa za soda, sitakugombeza, nataka tu uniambie. Mnaficha kwa kuogopa kufokewa, na mimi nabaki nashangaa kwa nini vipimo vya ini vimepanda.

Anayeuguza: usivunje wala usisage vidonge, usivishike kwa mikono mitupu, tumia glavu au kifuniko cha chupa. Mjamzito asiviguse. Nguo zenye matapishi zifuliwe peke yake. Usiviweke juu ya friji wala jikoni, kuna joto.

Wa tamoksifeni, ya saratani ya matiti, ninyi safari yenu ni ya miaka 5, wengine 10, na mtego wenu ni kujiona mmepona. Joto la ghafla usiku linachosha, njoo tuzungumze kabla hujaacha kimyakimya. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, kifua kikibana, au damu ikitoka ukeni wakati hedhi ilishakoma, usingoje tarehe ya kadi.

Naona mkono. Ndiyo, mama.

Ameuliza kuhusu Ramadhani, kama anaweza kumeza kapesitabini baada ya futari na baada ya daku. Kwa ratiba ya vidonge, mama, inakaribia kuwezekana, maana dozi zote mbili zinafuata mlo. Shida ni maji. Mchana kutwa bila kunywa, tumbo likaanza kuharisha saa nne asubuhi, figo ndizo zitakazoumia. Al-Baqara, aya ya 184 na 185, imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Usiamue peke yako, na usiamuliwe na majirani. Njoo kliniki Shaabani kabla haijaisha, daktari aangalie mzunguko wako: siku zako 7 za mapumziko zinaangukia wapi, na vipimo vya damu vinasemaje.