Nesi wa Shule na Mtoto Mwenye Mgongo Wazi

BARAKA: Karibu tena, msikilizaji. Leo mada yetu ni nesi wa shule na mwanafunzi mwenye ulemavu. Da Zuhura, umetaka tuanze na mgongo wazi. Kwa nini?

ZUHURA: Kwa sababu mtoto huyo, aliyezaliwa uti wa mgongo haujafunga vizuri, watu humtazama miguu tu. Wakishamtafutia kiti cha magurudumu, wanaona yamekwisha. Kumbe kinachomtoa darasani mara nyingi ni mkojo. Mishipa ya fahamu ya kibofu imeathirika, hivyo mkojo unavuja, na mwingine unabaki ndani. Ule unaobaki unaleta maambukizi, na ukipanda juu unaharibu figo.

BARAKA: Na wenzake wakisikia harufu…

ZUHURA: Wanahama dawati. Kesho yake atasema tumbo linamuuma, abaki nyumbani. Na njia ya kumsaidia ipo: mpira mwembamba unaingizwa kwenye kibofu kupitia njia ya mkojo, kila baada ya saa tatu au nne, mkojo unatoka, mpira unatolewa. Sasa mtoto ametoka nyumbani alfajiri, atarudi alasiri. Katikati hapo nani atamsaidia?

BARAKA: Si mama yake?

ZUHURA: Ndiyo, wapo kina mama wanaoshinda nje ya darasa, na genge limefungwa. Inaniuma sana hiyo.

BARAKA: Lakini dada, shule zetu nyingi hazina nesi. Ukibahatika kuna matroni wa bweni. Naye atasema hiyo ni kazi ya hospitali.

ZUHURA: Marekani walibishana hivyohivyo mpaka Mahakama ya Juu, mwaka 1984. Shule za Irving, Texas, zilikataa kumhudumia msichana mwenye mgongo wazi, zikadai ni matibabu. Mahakama ikasema hapana: bila huduma hiyo mtoto hawezi kukaa shuleni, na nesi wa shule anaiweza. Tena ikaeleza kwamba hata mtu asiye mtaalamu anafundishika kwa muda usiofika saa moja.

BARAKA: Saa moja haifiki? Mimi nilidhani lazima kila kitu kichemshwe.

ZUHURA: Ndivyo ilivyoaminika, mpaka mwaka 1972 daktari Jack Lapides wa Michigan na wenzake walipoonyesha kwamba usafi wa kawaida unatosha, mradi kibofu kisiachwe kijae. Mikono ioshwe kwa sabuni, mpira uwe safi. Na choo kiwe na komeo, jamani! Mtoto hawezi kujihudumia huku mlango unasukumwa.

BARAKA: Kama matroni anaiweza, nesi wa nini?

ZUHURA: Nesi anamfundisha mtoto ajifanyie mwenyewe, na wengi wanaweza wakiwa bado shule ya msingi. Halafu anayaona ambayo wengine hawayaoni. Kiatu kimechubua mguu, mtoto hasikii maumivu. Au amewekewa mrija wa kutoa maji kichwani, leo kichwa kinamuuma na anatapika. Huyo usimpe kidonge ukamwambia alale, mkimbize hospitali! Hata glavu anaziangalia, maana wengi wao wana mzio wa mpira asilia.

BARAKA: Mzazi wa mahali pasipo na nesi aanzie wapi?

ZUHURA: Kliniki anakohudhuria mtoto. Amwombe nesi wa pale amwelekeze matroni au mwalimu mmoja wa kike, mzazi na mtoto wakiwepo. Wafanye hivyo kabla shule hazijafunguliwa, na saa za kwenda chooni ziandikwe kwenye ratiba ya darasa, ili mwalimu asimzuie.